Karatasi ya Mvua

Mwezi wa saba wa mwaka 1987, shule ya serikali pale Kadutu ilimrudisha mjukuu wangu Nsimire nyumbani na barua ya mistari minne. Alikuwa na miaka tisa. Mistari ile ilisema kwamba mtoto amerudia darasa la pili mara mbili, kwamba hajui kusoma, na kwamba kwa kanuni za shule nafasi yake inapewa mwingine. Chini kulikuwa na muhuri na sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimeketi. Mimi ni mtu wa karatasi. Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya ardhi miaka ishirini na saba, na barua iliyoandikwa kwa haraka naitambua.

Mama yake, Adèle, mke wa mwanangu Emile, hakutaka hata kuigusa. Emile mwenyewe alikuwa Kalehe, kwenye shamba la chai, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo jambo hili lilibaki kwangu na kwa Adèle.

“Papa, mutoto huyu hayiko mujinga,” Adèle aliniambia. “Namutumaka sokoni vitu saba, analeta saba. Misa ya siku ya Mungu anairudilia yote, pamoja na matangazo.”

Nilijua. Nsimire alikuwa mtoto wa masikio. Ukimwambia jambo leo, mwezi ujao atakurudishia na kikohozi ulichokohoa katikati. Lakini ukimpa ukurasa, uso wake unabadilika kama wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Herufi alizijua moja moja. Zikikaa pamoja zilimtoroka. Jina lake mwenyewe aliliandika leo hivi, kesho vile. Nilimpeleka zahanati, na mwuguzi aitwaye Jeanine akamfunika jicho moja, kisha jingine, akaniambia kwamba mtoto anaona vizuri kuliko mimi. Mwalimu wake wa kwanza alisema ni uvivu. Wa pili alisema ni kichwa kigumu. Jirani mmoja alisema mengine ambayo sitayaandika hapa.

Wakati ule shule za binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, na moja ilikuwa Muhumba, katika nyumba ya zamani yenye bustani. Watu waliisifu sana. Watoto wa madaktari, wa walimu wa chuo kikuu, wa watu wa ofisi kubwa, wote walikuwa pale. Nilichopenda mimi ni kwamba shule ile haikutazama biletini, zile ripoti za matokeo ya mtoto. Ilikuwa na mtihani wake yenyewe wa kuingia. Mtoto alipewa hesabu kidogo, kisha akasoma karatasi moja ya Kifaransa kwa sauti mbele ya mkuu wa shule. Kwa umri wake, Nsimire angeingia darasa la tatu. Kama angekataliwa, hapakuwa na shule nyingine ya kubisha hodi. Dada wa Adèle, aliyekaa Kavumu, alikwisha kusema kwamba angemchukua, amfundishe kushona na kulima.

Fundi cherehani Grégoire, jirani yetu, alikuwa na mtoto aliyepita mtihani ule miaka miwili kabla. Yeye ndiye aliyenifunulia kwamba karatasi za kusoma zilikuwa tatu tu, na hazikubadilika. Moja ilikuwa na picha ya kuku juu yake, ya pili mwavuli, ya tatu kitanda cha mgonjwa. Mtoto huokota moja. Grégoire alikuwa nazo zote, zimenakiliwa kwa mkono kwenye daftari.

“Watu wote wa pale Muhumba banazo,” alisema. “Wee njo utakuwa mutakatifu peke yako?”

Nilinakili. Mwandiko wangu ni mzuri, na nilinakili vizuri.

Hapa lazima nieleze namna sisi tulivyosoma, maana bila hivyo nitaonekana mwizi, na siku ile sikuwa mwizi. Mwaka 1953 nilikuwa kibarua wa ghala, nabeba magunia mchana, na baada ya kazi naenda masomo ya jioni kwa mapadri. Vitabu havikutosha. Mwalimu alisema mstari, sisi arobaini tukaurudia, mpaka ukurasa wote ukaingia kichwani. Katekisimu ilikuwa hivyo, na jiografia, na Kifaransa pia. Nilipata cheti changu kwa kusimama na kusema mito ya Kongo yote bila kupumua. Kusoma kwenyewe kulinifuata nyuma, polepole, nikiwa tayari nayajua maneno. Siku moja nililitazama gazeti nikakuta naelewa. Kwa mtu kama mimi, kujua kwa moyo na kusoma ni njia moja. Ya kwanza inatangulia tu.

Basi mwezi mzima wa nane tulikaa uani, mimi kwenye kiti, yeye juu ya debe lililopinduliwa. Nilisema mstari, akausema. Karatasi ya kuku ilichukua siku mbili. Kitanda cha mgonjwa kilichukua mbili na nusu, kwa sababu ya majina ya dawa. Ya mwavuli, iliyohusu mvua, ilichukua siku moja. Alipenda ile ya mvua. Aliisema akipunguza sauti pale mawingu yanapokuja na kuipandisha pale maji yanapoanguka kwenye mabati. Siku zilizobaki tulirudia zote tatu, na nilimfundisha pia kupitisha kidole chini ya mistari, taratibu, kama mtu anayefuata.

Adèle alitoka jikoni akasimama, mikono kiunoni.

“Sasa anasoma?”

“Anajua,” nilimjibu.

“Niliuliza kama anasoma, Papa.”

Nikamwambia kwamba kusoma kutafuata. Alirudi jikoni na nikasikia vifuniko vya sufuria vikiwekwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jioni ya mwisho nilimwita Nsimire karibu, nikamwambia kwamba jambo hili ni letu wawili. Mtu akimwuliza, aseme anasoma. Asimwambie mwalimu, wala watoto, wala mtu yeyote. Aliitika kwa kichwa. Yeye ni mtoto ambaye ukimwambia jambo, limekaa.

Siku ya mtihani nilivaa abakosti yangu ya kijivu, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai, nikaweka kalamu mfukoni. Tulishuka kwa miguu kutoka Kadutu mpaka Muhumba, na mbele ya lango kulikuwa na magari sita. Nilihesabu. Nilipewa fomu, nikaijaza bila kufuta neno. Mwishoni mwake kulikuwa na mstari uliosema kwamba udanganyifu wowote katika mtihani unaondoa nafasi ya mtoto. Nikatia sahihi.

Mkuu wa shule aliitwa Yolande, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani aliyoivua kila mara na kujisugua macho. Watu wote walimwita Maman Directrice. Aliniuliza ni nani atakayekaa na mtoto kwa kazi za nyumbani. Nilimjibu kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba ni mimi, kila siku, kwa muda wa saa mbili kamili. Alinitazama kidogo, akaandika.

Nsimire aliokota mwavuli. Aliisema mvua yote kwa sauti ile ile ya uani, na katika chumba kile watu waliinua vichwa. Hata kijana mmoja mwembamba aliyekaa pembeni, ambaye baadaye nilijua ni mwalimu wa darasa la tatu, aliacha kupanga vitabu vyake.

Majina yalibandikwa kwenye ubao wa lango siku ya tatu. Alikuwa wa nne. Tulipanda mlima kurudi nyumbani na sikuona urefu wake.

Septemba ilipita. Nilikaa na Nsimire kila siku kwa muda wa saa mbili, kama nilivyoahidi. Lakini sasa masomo yalikuwa mengi, na hapakuwa tena na karatasi tatu. Kulikuwa na kitabu kizima, na historia, na mambo ya uraia, na kila siku ukurasa mpya. Nilisema, akarudia. Tulikuwa kama watu wanaotoa maji kwenye mtumbwi kwa kikombe. Nilijiambia kwamba kusoma kutafuata. Nilikuwa na miaka sitini na sita, na ilipofika saa ya chakula nilikuwa nimechoka hata sikutaka kula.

Naye alibadilika. Aliacha kusimulia. Zamani akirudi shuleni alituletea sauti za watu wote, mwalimu huyu na muuza mandazi yule, mpaka Adèle anacheka anashika ukuta. Sasa aliingia, akavua sare upesi, akajifunga kitenge mpaka chini, akaketi. Nilidhani anakua.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi wa kumi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, nilimkuta kwenye bomba. Alikuwa amepandisha kitenge asikiloweshe, na nikayaona magoti yake. Yalikuwa meusi, na makovu juu ya makovu, na katikati kidonda kibichi.

“Ni nini hii?”

“Nilianguka, Koko.” Koko ndivyo anavyoniita, yaani babu.

“Magoti yote mbili?”

“Nilianguka mara mbili.”

Alisema bila kucheka, akainua ndoo yake, akaondoka.

Hakunipa zaidi ya hapo. Niliyapata mengine kwa Colombe, msichana wa jirani ambaye kaka yake alikuwa darasa moja na Nsimire. Colombe alipita mbele ya nyumba yetu na wenzake, na mmoja wao akapaza sauti kuelekea uani, “Madame la Pluie!”, yaani Bibi Mvua, na wote wakacheka. Nikamwita. Alikuja akitazama chini, na polepole akasema yote. Jina lile lilitoka kwa mwalimu mwenyewe, Citoyen Ignace, kama wanaume walivyoitwa wakati ule. Siku ya kwanza alimwambia Nsimire asimame asomee wenzake, maana alimsikia akisoma mvua kama mtu wa radio. Nsimire alisimama, akanyamaza. Siku ya pili vile vile. Kwenye dikte, mwalimu anaposoma na watoto wanaandika, alipata sifuri, na sifuri, na sifuri. Mwalimu akaona mtoto anamdharau. Tangu hapo kila asubuhi aliulizwa, “Bibi Mvua, leo unasoma ao husomi?” na akinyamaza alipiga magoti kwenye changarawe mbele ya darasa mpaka mapumziko.

“Tangu lini?” nilimwuliza Colombe.

“Tangu mwezi wa kenda, Papa Anaclet.”

Nilihesabu majuma. Yalikuwa sita.

Nilimkuta Nsimire nyuma ya nyumba anamenya muhogo. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mwalimu kwamba hajui. Neno moja tu lingetosha, angeacha kumpigisha magoti. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

“Si ulisema nisiseme?”

Akarudi kwenye muhogo wake.

Siku ya Mungu nilikwenda misa, na nikirudi sikuweza kumwambia mtu padri alihubiri nini. Adèle sasa alijua habari ya magoti. Hakunilaumu, ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisema tu kwamba tumwondoe mtoto Jumatatu, tumpeleke Kavumu, mambo yaishe.

“Atashona,” alisema. “Bashonaji ni batu pia.”

“Na kusoma?”

“Papa, nimechoka na kusoma. Hata yeye amechoka. Wee tu njo hauchoke.”

Hakujua. Nilikuwa nimechoka kuliko wote wawili. Lakini kila nilipofikiri Kavumu, nilimwona Nsimire na miaka thelathini, akishika barua ya mume wake na kumwita mtoto wa jirani amsomee. Niliwasomea watu barua kama hizo maisha yangu yote pale ofisini. Mtu huketi mbele yako na unajua mambo ya nyumba yake kabla yeye hajayajua. Wengine walikuwa watu wenye akili kunishinda.

Nilikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Nikinyamaza, magoti. Nikisema, mstari ule wa fomu niliotia sahihi: nafasi inaondoka, na jina langu pamoja nayo. Mimi ni katibu wa baraza la parokia. Watu huja kwangu wathibitishiwe kwamba karatasi zao ni za kweli.

Jumatatu nilivaa abakosti ile ile. Nsimire alitembea mbele yangu, na nilipomwambia naenda kuonana na Maman Directrice hakuuliza kwa nini.

Yolande alinipokea katika chumba kidogo kilichonukia chaki na unyevu. Mvua za Oktoba zilikuwa zimeingia ukutani. Nilikataa kuketi. Nilimwambia yote kwa mpangilio, kuanzia barua ya mistari minne: Grégoire, bila kumtaja jina, daftari, debe la uani, kidole, amri ya kunyamaza, magoti. Nilisema kwamba kosa ni langu, na kwamba mtoto alitii tu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya Kifaransa njiani, lakini yalipofika kinywani yaligeuka Kiswahili.

Alivua miwani, akajisugua macho.

“Ikaa, Papa Anaclet. Unanichokesha ukisimama.”

Nikaketi.

“Unafikiri sikuona?” alisema. “Kidole yake ilikuwa mustari wa tatu, kinywa ilishamaliza ukurasa. Mwaka huu batoto kumi na ine balisema zile karatasi bila kuziangalia. Mwaka jana, kumi na moja. Mutoto wa daktari moja alisema ya kuku akishika ya kitanda.”

Nilimwuliza kwa nini basi habadilishi karatasi.

Alisema kwamba mtoto aliyekaririshwa ni mtoto ambaye mtu alikaa naye mwezi mzima. Hilo ndilo alilotaka kujua. Watoto wale kumi na wanne walijua kusoma, zaidi au kidogo; wazazi wao waliogopa tu. Alidhani Nsimire ni mmoja wao. Alisema alimsikia akiisema mvua ile, akajiambia muzee huyu amefanya kazi, na kwa kuwa alikuwa na wengine thelathini nje wakingoja, hakumpa karatasi ya pili.

“Hapo nilikosa,” alisema. “Nilikuwa nimechoka. Lakini wewe, Papa, ulikaa naye vizuri, na nyuma ukamufunga kinywa. Sasa unataka nifanye nini?”

Nilimweleza kuhusu masomo ya jioni, na mito ya Kongo, na namna kusoma kulivyonifuata nyuma. Nilisema nilikuwa nangoja kusoma kumfuate na yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru hata leo. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba kusoma hakukumfuata, na kwamba miezi miwili ya kungoja ilitosha.

Mambo ya shule aliyasema kama mtu anayesoma orodha aliyokwisha kuisoma mara nyingi. Kwenye darasa la tatu Nsimire hawezi kubaki. Wazazi wa Muhumba wanataka kila mtoto apite mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na wanahesabu. Kulikuwa na darasa la pili, la Mademoiselle Agathe, mwalimu mwenye subira aliyewahi kufundisha watoto wawili wa namna hii mpaka wakasoma. Alianza kwa kuwasomea yeye, kisha wao wakafuata neno kwa neno, na aliwaketisha karibu na meza yake. Lakini Agathe alikuwa na nafasi moja, na hangempa mtoto aliyezoea kujificha.

“Ninapenda asome mbele yetu,” alisema. “Leo. Kitu hajasikia hata siku moja. Hata akisoma vibaya. Kama atakubali kusoma vibaya, ataenda kwa Agathe. Kama atanyamaza sawa vile ananyamaza kwa Ignace, Papa, utamurudisha nyumbani. Siwezi kufungua kinywa ya mutoto na mikono.”

Tulingoja mpaka saa sita, watoto walipotoka. Katika darasa la tatu alibaki Citoyen Ignace, akifuta ubao, na Nsimire kwenye dawati la mwisho. Ignace alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka, na shati lake lilikuwa limeshonwa upya kwenye kola. Niliketi kwenye dawati dogo la mbele, maana hapakuwa na kiti kingine.

Yolande aliegemea kabati. Alinitazama. Nikaelewa kwamba ni kazi yangu.

Nilimwambia Ignace kwamba mjukuu wangu hajui kusoma, hakujua siku ya mtihani, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia aseme anajua. Nilimwambia kwamba kwa majuma sita alimpigisha magoti mtoto aliyekuwa akiniheshimu. Nilisema mbele ya Nsimire, kwa sauti ya kutosha ifike mpaka nyuma.

Ignace alishika kitambaa cha ubao kwa mikono miwili. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

“Juu ya nini hakuniambia?” aliuliza. “Nilifikiri ananichekelea. Kila siku nilisema, leo atachoka.”

“Mimi pia,” Nsimire alisema kule nyuma. “Nilisema, leo mwalimu atachoka.”

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani Yolande alitaka. Ignace aliweka kitambaa mezani. Alisema “pardon” kwa sauti ya chini, na sikujua kama ananiambia mimi ao mtoto. Nikamgeukia Nsimire.

“Ile niliyokukataza imekwisha,” nilimwambia. “Unaweza kusema kila kitu. Unaweza kusoma vibaya.”

“Vibaya namna gani?”

“Namna itakavyotoka.”

Yolande alimwita mbele. Alichukua kitabu kutoka kabati, kitabu cha darasa la pili, akakifungua katikati, akakiweka juu ya dawati nililoketi, kwa hiyo ukurasa ulikuwa mbele yangu pia. Hapakuwa na picha. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mbwa analala mbele ya mlango. Le chien dort devant la porte. Maneno sita.

Nsimire aliweka kidole.

“Le,” alisema.

Nje, mtoto mmoja aliyesahauliwa na wazazi wake alikuwa anapiga mpira ukutani, na nilisikia kila pigo. Nsimire alifungua midomo, akaifunga. Alisema “chi”, akarudi, akasema “che”. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayejaribu kusikia karatasi. Nilihesabu mapigo ya mpira mpaka kumi na tisa.

“Chien,” alisema.

Ignace alipumua.

Neno la tatu, dort, lilimshinda. Alilisema kwa herufi ya kwanza iliyogeuka, likatoka neno ambalo halipo. Alijua halipo, maana masikio yake hayadanganyiki. Akalijaribu tena, likatoka lile lile. Jasho lilitoka juu ya mdomo wake. Halafu akainua macho, akanitazama mimi.

Mwezi mzima wa nane, kila aliponitazama hivyo, nilimpa. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Herufi nne tu. Ningeweza kulisema kwa midomo bila sauti, na angelichukua hewani kama alivyochukua yote. Yolande alikuwa anatazama mdomo wangu, sio wa mtoto.

Niliangalia chini. Niliweka mikono yangu juu ya magoti, nikaangalia vidole vyangu, na wino wa zamani chini ya kucha ya kidole gumba ambao hautoki tena.

Mpira nje ulinyamaza.

“Sijue hii,” Nsimire alisema. Aliyasema maneno haya wazi, kwa walimu wawili, na hakuna aliyempigisha magoti. “Hii ya tatu sijue. Ya mwisho najua. Ni porte.”

Kidole chake kilikuwa kimeruka mpaka mwisho wa mstari, na kilikuwa kimesimama chini ya neno lenyewe.

Yolande alifunga kitabu. Alivaa miwani yake.

“Citoyen Ignace,” alisema, “kwa Agathe madawati imejaa. Beba ile yake, uipeleke kule, karibu na meza.”

Ignace alikwenda nyuma, akainua dawati peke yake. Lilikuwa la mbao nzito, la zamani, na miguu yake iligonga mlango wakati wa kutoka. Nsimire alichukua mfuko wake, akamfuata, akimwambia apindishe upande wa kushoto, sio hivyo, Mwalimu, hivi. Niliwasikia wakibishana mpaka mwisho wa baraza. Yolande alitoka nyuma yao na funguo zake.

Mimi nilibaki kwenye lile dawati la watoto, magoti yamekaribia kidevu, nikingoja nguvu ya kusimama.